Osiloskopu niliipata siku moja, probu zikanichukua miezi minane

Naandika haya kwa ajili ya fundi mwenzangu aliyebahatika kupata osiloskopu ya zamani (mashine inayochora umeme kama wimbi kwenye kioo) kwa bei nzuri na sasa anazunguka kuulizia probu, yaani kebo yake ya kupimia. Mimi nilidhani probu ni waya tu wenye ncha. Dhana hiyo ilinigharimu miezi minane, TV ya mteja, na fedha iliyokaribia bei ya osiloskopu yenyewe.

Kibanda changu kiko Temeke, Dar es Salaam. Natengeneza redio, amplifaya, TV, na siku hizi pawa saplai za kila namna. Kwa miaka 12 nilifanya kazi kwa mita peke yake: kwanza AVO 8, mita ya zamani ya mshale, niliyorithi kwa marehemu baba mdogo, baadaye multimita ya dijitali. Mwezi Machi mwaka juzi nikasikia kuna vifaa vya maabara vinauzwa. Nikaenda, nikaikuta Tektronix 465 chini ya meza, vumbi tupu. Ni mashine ya miaka ya 1970, ya njia mbili, yaani inaonyesha mawimbi mawili kwa pamoja, megahezi 100. Tulibishana bei asubuhi nzima, mwisho nikatoa shilingi 380,000. Probu hazikuwepo. Muuzaji akaniambia, "Kaka, probu zimejaa Kariakoo, hilo lisikuumize kichwa."

Niliipakata kwenye bajaji mpaka nyumbani, kilo 10 na ushee juu ya mapaja. Usiku ule nikaiwasha. Mbele yake kuna kitanzi kidogo cha waya kinachotoa wimbi mraba la kilohezi 1, milivolti 300, la kuipimia yenyewe. Nikachukua kipande cha waya nikagusisha, wimbi likasimama kwenye kioo, la kijani, limetulia. Mke wangu akaja kuangalia, akauliza, "Ndiyo hiyo?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Furaha ile nilikuwa sijaipata kazini kwa muda mrefu.

Kesho yake nikajitengenezea probu. Nilikata mita moja ya kebo ya antena ya TV, upande mmoja nikafunga kichwa cha BNC, kile kinachoingia kwenye mlango wa osiloskopu, upande wa pili nikalehemu sindano ya kushonea na klipu ya mamba. Kwa kuangalia umeme uliotoka kwenye rektifaya, inayogeuza AC kuwa DC, ule mtikisiko wa hezi 100, probu ile ilifanya kazi vizuri kabisa. Hapo ndipo iliponidanganya, kwa sababu nikaiamini kwa mambo mengine yote.

Aliniletea mama mmoja redio ya zamani ya transista, inakamata stesheni kisha inapotea. Nikaifungua, nikagusa osileta, sehemu inayozalisha mawimbi ndani ya redio, kwa sindano yangu. Redio ikanyamaza papo hapo, na kwenye kioo mstari umenyooka. Nikasema: osileta imekufa. Nikabadilisha transista. Bado. Nikabadilisha kapasita mbili, kisha nikatafuta koili kwenye redio nyingine iliyokufa. Wiki mbili zikaisha, na yule mama anapita kila Ijumaa akitoka sokoni. "Mwanangu, redio yangu?" "Bado kidogo, mama." Sikuwa na la kumwambia zaidi.

Nilichokuwa sikioni ni kwamba redio ilikuwa inacheza kila nilipoondoa sindano. Mimi ndiye niliyekuwa naizima.

Kuna mzee mmoja Keko, fundi mstaafu wa mitambo ya mawasiliano, ambaye mafundi wengi wa upande wetu tunamkimbilia tukikwama. Nilimpelekea ile probu yangu nimeifunga kwenye gazeti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione." Akaishika, akaigeuzageuza, akacheka taratibu, siyo kwa dharau. "Hii kebo ina urefu gani?"

"Mita moja."

"Kebo nayo ni kapasita. Basi una pikofaradi 60 hivi hapa ndani. Na ile 465 yako ina 20. Jumla 80. Osileta ya redio ya bendi ya kati inakwenda kwenye megahezi moja na nusu hivi. Piga hesabu."

Akanipa kalamu. Hesabu ilitoka kama omu 1,300. Maana yake kila nilipogusa osileta ile nilikuwa kama mtu anayefunga resista ya omu 1,300 kutoka pale mpaka ethi (upande wa ardhi wa sakiti), tena ninaivuta itoke kwenye masafa yake. Osileta ndogo ya transista haivumilii mzigo huo. Nilirudi kibandani nikairudishia redio transista yake ya mwanzo, nikachunguza kwa macho na taa, nikakuta lehemu imepasuka kwenye koili ya antena, ile iliyozungushiwa fito ya feraiti. Dakika tano. Yule mama sikumtoza kitu.

Siku ile Mzee alinichorea, kwenye kipande cha boksi, kitu ambacho kila mwenye osiloskopu anapaswa kukijua kabla ya kutoa hela. Osiloskopu karibu zote za zamani zina upinzani wa megaomu 1 mlangoni, na sambamba na huo kuna kapasita ndogo. Probu ya mara kumi ina resista ya megaomu 9 kwenye ncha. Megaomu 9 na 1 zinagawana volti, osiloskopu inapata moja ya kumi, na sakiti yako inaona mzigo wa megaomu 10 badala ya 1. Hiyo ni kwa umeme ulionyooka, DC. Kwa umeme unaokwenda kasi, kapasita ndizo zinazogawana, kwa hiyo ile resista ya megaomu 9 imepewa kapasita yake ndogo sambamba, na hiyo lazima iwe moja ya tisa ya kapasita yote iliyoko upande wa pili, yaani ya kebo na ya osiloskopu. Ndiyo maana probu ina kiskrubu cha kurekebisha. Na ndiyo maana probu iliyotengenezewa osiloskopu moja inaweza isikae sawa kwenye nyingine hata kama kichwa cha BNC kinaingia bila shida.

Faida yake ni kwamba ncha ya probu nzuri ya mara kumi inaielemea sakiti kwa pikofaradi 10 hadi 15 hivi tu. Ukilinganisha na 80 zangu, ni tofauti ya mgonjwa na mzima.

Basi nikaenda Kariakoo. Nilipata jozi mpya, zenye swichi ya X1 (mara moja) na X10 (mara kumi), zimeandikwa megahezi 100, shilingi 55,000 zote mbili, na kwenye mfuko wake kuna pete za rangi na kibisibisi cha plastiki. Nilizifunga, nikashika kile kitanzi cha milivolti 300, nikazungusha kiskrubu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona mafundi wengi wanaruka hatua hii.

Wimbi mraba likitokea na mabega yaliyolala, pembe ya mbele imeviringika, probu inapunguza masafa ya juu. Likitokea na pembe zilizochomoza juu kama za mbuzi, inazidisha. Unazungusha taratibu mpaka juu pawe bapa kama meza. Usiridhike na "karibu sawa." Nilijaribu makusudi: nikaacha pembe zichomoze kidogo tu, nikapima ishara ya kilohezi 50 ambayo najua ukubwa wake, nikapata kipimo kilichozidi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Wala siyo kwenye megahezi za mbali, ni hapo hapo ambapo pawa saplai nyingi zinafanyia kazi. Na urekebishaji huu ni wa probu ile kwenye mlango ule. Ukiihamishia njia ya pili, angalia upya. Ukimwazima jirani, ikirudi angalia upya.

Rafiki yangu wa Buguruni ana Tektronix 2215, ambayo mlango wake ni pikofaradi 30. Nilimpelekea probu ya mtumba niliyoiokota kwenye rundo la waya, nzuri ya chuma, ikakataa: kiskrubu kimefika mwisho na pembe bado zimelala. Kwenye 465 yangu yenye 20 ikakaa sawa. Haikuwa mbovu, kiwango chake tu hakikufika 30. Kwa hiyo kabla ya kununua, soma namba iliyoandikwa pembeni ya mlango wa osiloskopu yako, kama megaomu 1 na pikofaradi kadhaa, halafu soma kwenye karatasi ya probu inarekebishika kutoka ngapi mpaka ngapi. Nyingi za kisasa zinaanzia 10 na kuishia 30 au 35. Lakini kuna mashine za zamani, na vile vipande vya kuchomeka ndani ya osiloskopu, zenye pikofaradi 47, kama ile 7A22 ya Tektronix, na hizo ukizinunulia probu ya kawaida ya dukani utabaki na mabega yaliyolala siku zote. Kinyume chake, probu iliyotengenezewa 47 ukiiweka kwenye 20 itakupa pembe za mbuzi. Hiyo ya pili ina tiba, unaongeza kapasita ndogo kwenye mlango. Ya kwanza haina tiba rahisi.

Megahezi zilizoandikwa kwenye probu ndiyo namba ambayo wauzaji wote wanaitaja kwanza, na mimi naiweka ya tatu au ya nne. Kama huna uhakika nayo, kumbuka tu kwamba kasi hazibaki zilivyo zikiunganishwa. Osiloskopu ya megahezi 100 inachukua nanosekunde 3.5 kuonyesha wimbi linapopanda, kwa kanuni ya 0.35 kugawa kwa masafa. Probu ya megahezi 100 nayo 3.5. Ukiziunganisha kwa mraba na kipeuo unapata karibu 5, yaani megahezi 70. Kwa kazi zetu za redio, amplifaya na pawa saplai, 70 inatosha na kubaki.

Swichi ya X1 na X10 nayo ilinitesa. Ukiwa kwenye X1 ile resista ya megaomu 9 inarukwa, mzigo unapanda kukaribia pikofaradi 100, na probu nyingi za aina hii hazivuki megahezi 6 hivi. Nilikuwa nafanya kazi kwa mkono wenye jasho, swichi inateleza yenyewe, na mimi naangalia kioo tu. Nilitupa saa nyingi kwa njia hiyo. Sasa probu moja nimeifunga swichi kwa utepe mweusi kwenye X10. Ya pili naitumia X1 kwa kazi moja tu, kuangalia mtikisiko mdogo wa umeme kwenye pawa saplai, kwa sababu 465 inaishia milivolti 5 kwa kila mraba, na ukipitia X10 unabaki na milivolti 50.

Jambo jingine la mashine hizi: karibu na nobu ya volti kuna vitaa viwili vinavyokuambia usome kipimo kipi, cha X1 au cha X10. Probu halisi za Tektronix zina kipini kidogo kando ya kichwa cha BNC kinachogusa pete ya nje ya mlango, na hicho ndicho kinachobadilisha taa. Probu za kawaida hazina kipini, kwa hiyo taa itabaki kwenye X1 na wewe uzidishe kwa kumi kichwani. Mara mbili nilisoma volti 1.2 mahali palipokuwa na 12.

Hapo nikaanza kutamani probu halisi. Nilizipata kwa kijana mmoja anayenunua vifaa chakavu, mbili kwa 90,000. Moja nzima. Ya pili imelegea pale kebo inapoingia kwenye kichwa, ukiitikisa wimbi linakatika. Nikaipima kwa multimita, kutoka ncha ya ndani ya BNC mpaka mwanzo wa kichwa cha probu, kwenye waya wa kati peke yake. Ikasoma omu 200 na kitu. Nikajiambia: waya wa kati hauwezi kuwa na omu 200, umeoza huu, hewa ya pwani imeula. Nikaikata kebo yote nikalehemu kebo mpya ya antena, safi, ya shaba, omu sifuri.

Ndugu yangu, kama kuna sehemu moja ya maandishi haya utakayoikumbuka, iwe hii. Waya wa kati wa probu ya mara kumi umetengenezwa kwa makusudi uwe na upinzani. Ni uzi mwembamba kuliko unywele, wa madini yenye upinzani, na kazi yake ni kumeza mawimbi yanayogonga mwisho wa kebo na kurudi. Wahandisi wa Tektronix, Kobbe na Polits, ndio waliochukua hataza yake katika miaka ya 1950. Kebo ya shaba haimezi kitu. Nilipoifunga ile probu na kupima ukingo wa wimbi la kasi, kila ukingo ulifuatwa na mtetemo kama kengele iliyogongwa. Ile ya pili, nzima, kwenye sakiti ile ile, safi. Nilikaa nikaziangalia zote mbili kwenye kioo kimoja, moja juu, moja chini, na uzi halisi upo sakafuni umekatwa vipande vitatu.

Kasoro yenyewe, nilipochunguza baadaye, ilikuwa kwenye uzi wa nje, ule wa ethi, uliokatika nusu pale mwanzoni. Ningekata sentimita tatu na kulehemu upya kwa uangalifu, ingepona.

Sasa nifike kwenye lile la TV.

Ilikuwa mwezi Julai. TV ya bapa, haiwaki, taa ya mbele inapepesa. Nikataka kuona kama transista kubwa ya pawa saplai inaendeshwa vizuri. Kwenye upande ule wa pawa saplai, umeme wa Tanesco wa volti 230 unaingia moja kwa moja kwenye rektifaya, unakuwa volti 325 hivi za DC, na hakuna transfoma inayoutenganisha na ukuta. Mimi nikachukua klipu ya ethi ya probu nikabana kwenye hasi ya kapasita kubwa, kama nilivyozoea kwenye redio na amplifaya, ambapo hasi ni hasi.

Ile klipu, kupitia kebo, kupitia mwili wa osiloskopu, imeunganishwa na pini ya ethi ya plagi yake. Na ile hasi ya kapasita, kupitia rektifaya, ni laini ya umeme, waya wa moto, nusu ya muda. Niliona mwanga wa bluu, nikasikia mlio kama baruti, duka zima giza. Mkono wangu ulikuwa bado umeshika plastiki ya probu. Nilibaki nimesimama, moyo unadunda, nanusa harufu ya shaba iliyoungua.

Klipu iliyeyuka nusu. Rektifaya ya TV ilipasuka, ikaenda na transista na chipu ya kuendeshea. Osiloskopu ilipona, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Mteja nilimwambia ukweli. Vipuri havikupatikana, nikamlipa 220,000 akatafute nyingine. Mwezi ule kodi ya kibanda niliikopa.

Majirani wawili walinishauri jambo lile lile: ng'oa pini ya ethi kwenye plagi ya osiloskopu, ielee. Nilimpigia Mzee kumuuliza. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Ukifanya hivyo, siku nyingine hautalia mlio. Mwili mzima wa hiyo mashine, kila nobu ya chuma, utakuwa na umeme wa laini, na wewe umeweka mkono juu yake. Unao watoto?" Nikamjibu ninao. "Basi usiguse hiyo pini."

Njia alizonipa ni mbili. Ya kwanza ni kutenganisha kile unachokipima, siyo osiloskopu: TV ipate umeme wake kupitia transfoma ya kutenganisha. Hapa Dar zile transfoma za kushusha kutoka 230 kwenda 110 zinapatikana, na ukipata mbili zinazofanana unaweza kuzigeuziana migongo, ya kwanza ishushe, ya pili ipandishe. Lakini pima kwanza kwa mita, plagi ikiwa nje: kama waya wa kuingilia na wa kutokea unasoma omu chache kati yao, hiyo ina koili moja tu na haitenganishi kitu. Nyingi zinazouzwa ni za namna hiyo. Mimi nilizunguka wiki nzima kupata jozi inayofaa, 140,000. Hata ukiwa nayo, zile volti 325 bado zipo na bado zinaua, kwa hiyo mkono mmoja mfukoni.

Ya pili haihitaji transfoma: probu mbili zinazofanana, zote X10, klipu za ethi hazibanwi popote. Ncha moja kwenye pointi unayoitaka, ya pili kwenye hasi ya pale. Unageuza njia ya pili kwa kitufe cha INVERT, unaweka ADD ya kujumlisha njia zote mbili, na mashine inakuonyesha tofauti. Ndiyo maana probu ninazinunua kwa jozi, na zote mbili nazirekebisha kwa pamoja mpaka wimbi la kitanzi likijitoa lenyewe libaki mstari ulionyooka. Zikitofautiana kidogo tu, utapima tofauti ya probu badala ya tofauti ya sakiti.

Soma pia volti zilizoandikwa kwenye probu. Mlango wa 465 unabeba 250, lakini ukipita X10 inayobeba 600, ile 325 inafika mlangoni kama 32. Swichi ikiteleza kwenda X1, 325 yote inaingia. Ule utepe mweusi nilioutaja siyo wa urembo. Tena namba ile ya probu ni ya umeme uliotulia. Masafa yakipanda, kiwango kinachovumilika kinashuka sana. Kwa amplifaya za valvu na TV za kioo cha mgongo nina probu ya mara mia, ya kuazima. Umeme wa anodi ya kioo, ule wa maelfu kwa maelfu ya volti, siugusi kwa probu yoyote ya osiloskopu.

Jambo la mwisho nililojifunza lilikuwa dogo kuliko yote, na ndilo lililonipa raha zaidi. Nilikuwa napima wimbi la kasi kutoka kwenye chipu ya kisasa, na kila ukingo una mtetemo. Safari hii probu ilikuwa nzima, imerekebishwa, kebo halisi. Nikarudi kushuku sakiti. Mzee akaniuliza waya wa klipu ya ethi una urefu gani. Sentimita 15. Waya wa namna hiyo una nanohenri 10 hivi kwa kila sentimita, kwa hiyo 150. Ukikutana na pikofaradi 15 za ncha, unapata koili na kapasita zinazoimba kwenye megahezi 106. Ndiyo pale pale zilipo redio za FM. Nikakumbuka kwamba nikibana klipu kwenye ncha yake mwenyewe, kitanzi kile kinakamata ukungu wa mawimbi kwenye kioo hata kama hakuna ninachokipima.

Nikavua kofia ya ncha na ule waya wa klipu. Nikachukua waya mwembamba wa springi, nikauzungusha mara tatu kwenye pete ya chuma iliyo nyuma ya ncha, nikaacha mkia wa sentimita moja ulioinama mbele. Ncha kwenye mguu wa chipu, mkia kwenye ethi ya jirani yake. Nikagusisha kwa mkono uliotulia, nimeziba pumzi. Ukingo ukapanda na kukaa. Mtetemo haupo. Chipu ile ile, dakika ile ile. Nikaondoa, nikarudisha klipu, mtetemo ukarudi. Nilifanya hivyo mara nne au tano.

Nikienda kununua sasa nabeba multimita. Probu ya X10 lazima isome megaomu 9 kutoka ncha mpaka pini ya kati ya BNC. Ikisoma chini sana imechomwa na volti, ikikatika hovyo nikiikunja naiacha. Kwenye X1 natarajia omu mia mbili, mia tatu, siyo sifuri. Pete ya nje mpaka klipu iwe sifuri na ibaki sifuri nikitikisa. Naangalia kutu ya kijani ndani ya BNC, maana kwa hewa yetu ya chumvi probu iliyokaa dirishani miaka miwili inazeeka kama ya miaka ishirini. Zangu nazilaza kwenye boksi la plastiki na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu.

Mwenye AVO 8 naye aangalie: waya mpya za multimita zenye vichwa vilivyofunikwa plastiki haziingii kwenye AVO ya zamani, na zile waya zake za asili ganda limekauka na kupasuka. Mimi nilinunua waya za silikoni na kuzifungia vichwa vipya vya kubana. Usiweke waya uliochanika kwenye kitu kinachopima hadi volti 2,500.

Kile kichwa cha probu niliyoiharibu bado ninacho, kwenye kopo la Blue Band juu ya rafu, pamoja na kiskrubu chake na kile kipini cha kuwashia taa. Kichwa ni kizima, megaomu 9 kamili. Kinachokosekana ni kebo yenye ule uzi. Kama una probu ya zamani ya Tektronix iliyovunjika ncha lakini kebo yake haijakatwa, usiitupe na usiiuze kwa kilo. Njoo nayo Temeke, tuziunganishe, na tutajaribu kwenye kitanzi kile cha milivolti 300 tuone kama itakaa bapa.